Gari Imepigwa Luku, Lakini Breki Je?

Wacha niseme bila kuzunguka. Magari mengi ya vijana hapa Nairobi yametengenezwa upande wa kuonekana peke yake. Rimu kali, tinti, spika zimejaza buti, taa za buluu chini ya dashibodi, na ekzosi inayopiga risasi saa sita usiku mpaka mtoto wa jirani anaamka. Ndai imepigwa luku ikapigika. Halafu uiname uangalie tairi iliyovaa hiyo rimu, unakuta ni kipara kama goti.

Sina shida na luku. Gari ni yako, ipambe utakavyo. Shida yangu ni foleni ya pesa. Mtu ana elfu arobaini ya kuweka kwa gari, na yote inaenda kwa vitu ambavyo wasee wataviona akiegesha nje ya klabu. Pedi za breki hakuna anayeziona. Sijawahi kuona mtu amepiga video ya mafuta ya breki akaweka TikTok na wimbo juu. Kwa hivyo hivyo vitu vinangoja mwezi ujao, na mwezi ujao kuna spika mpya.

Na kabla useme haya hayakuhusu kwa sababu huna gari: unakaa ndani ya gari za watu kila wiki. Ile ya kuitisha kwa simu, ya cuzo, ya mzee unayopewa Jumapili peke yake, ya kukodisha wikendi mkienda Naivasha. Ukiwa abiria ndio mambo ni magumu zaidi, kwa sababu roho ni yako lakini usukani ni wa mwingine.

Kulingana na NTSA, tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka. Sitakudanganya ati wote wameuawa na gari mbovu. Kuna mwendo wa kasi, kuna pombe, kuna kuovateki kwa kona, na kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni watu wa miguu. Lakini mfikirie huyo wa miguu. Mvua inanyesha, anavuka, dere amemwona mapema na amekanyaga breki kwa wakati. Kama tairi ni kipara, kumwona mapema hakumsaidii mtu. Gari inateleza tu juu ya maji, na dere anatazama kila kitu kikitokea polepole mbele yake.

Basi tuanze na tairi, kwa sababu hapo ndipo naona tunachezea sana. Gari nzima, na nyinyi watano ndani, na mizigo, inashika lami kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu ukubwa wa kiganja chako. Ni hivyo tu. Injini iwe kubwa namna gani, breki ziwe mpya namna gani, kila kitu kinapita kwa hivyo viganja vinne.

Ukichuchumaa kando ya tairi utaona mifereji. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira vilivyoinuka, kama matuta ya barabarani. Tairi ikiisha mpaka uso wake ulingane na hayo matuta, imebaki na kina cha milimita 1.6, na hapo nchi nyingi zinasema basi, toa. Mimi ningesema usingoje ifike hapo msimu wa mvua, kwa sababu kazi ya hiyo mifereji ni kutoa maji chini ya tairi, na mfereji usio na kina hautoi kitu.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui ni kwamba tairi ina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta herufi DOT kando ya tairi, fuata maandishi mpaka mwisho, utaona namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, hiyo tairi ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ukikosa hizo namba upande wa nje, ziko upande wa ndani, itabidi uingie chini kidogo na simu yako. Mpira huzeeka hata kama haujatembea. Unakauka, unakuwa mgumu, unapata nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu wa shamba. Watengenezaji wengi wanasema baada ya miaka 5 ianze kuangaliwa kila mwaka, na ikifika miaka 10 itolewe hata kama inaonekana mpya. Sasa kumbuka tunavyonunua matairi: "ex-Japan", yamepangwa kando ya barabara, yamepakwa dawa nyeusi ya kung'aa. Hiyo dawa haipunguzi umri.

Na hizo za Japan zina mtego mwingine. Nyingine ni za theluji. Ukiona neno STUDLESS limeandikwa kando, au alama ya mlima wenye kichongo tatu na chembe ya theluji ndani, hiyo tairi ilitengenezwa kwa baridi ya Hokkaido. Mpira wake ni laini makusudi, ili ushike barabara kukiwa na barafu. Kwa lami ya Machakos saa nane mchana huo ulaini unaisha haraka sana, na kusimama nayo kwa maji ya mvua ni shida. Zinaonekana poa kwa sababu mifereji yake ni mirefu na mingi. Muuzaji atakuambia, "Angalia griipu, buda." Angalia, ndio, lakini soma pia.

Upepo ni wa bure kwa petroli steshoni nyingi, na bado watu hawapimi. Fungua mlango wa dere, kuna stika kwa fremu imeandikwa presha ya gari yako. Fuata hiyo. Namba kubwa iliyo kwa tairi yenyewe ni mwisho ambao tairi inaweza kubeba, haikuwekwa hapo ndiyo ujaze. Pima asubuhi kabla hujatembea sana, kwa sababu tairi ikipata moto presha inapanda na utapata jibu la uongo. Tairi isiyo na upepo wa kutosha inajikunja kila mzunguko, inachemka ndani, halafu inapasuka ukiwa kilomita 100 kwa saa karibu na Emali. Hapo watu watasema ni shetani wa hiyo barabara.

Wacha niwape kisa cha mwaka jana. Mbogi yetu ilikuwa imechanga, watu watano, kukodisha gari ya siku mbili twende Naivasha. Depo ilikuwa imelipwa. Jamaa wa gari akaileta, safi, inanukia, muziki unagonga. Nikachuchumaa nyuma kushoto nikasoma: 4413. Hiyo tairi ilizaliwa mwishoni mwa 2013. Mimi nikiwa bado shule ya msingi! Nikamwita jamaa nikamwonyesha. Akacheka. "Boss, hii gari iko fiti, juzi tu imetoka Kisumu." Nikamuuliza kama ana nyingine, akasema hana. Nikasema mimi siingii.

Unajua kilichofuata. Sio jamaa wa gari aliyenikasirikia, ni marafiki zangu. "Wacha uoga." "Unatuharibia plani." "Kwani wewe ni fundi?" Mmoja alikuwa amenunua nyama tayari. Tukabishana dakika arobaini pale kando ya barabara, mwishowe wawili wakawa upande wangu na safari ikavunjika. Depo ya thao tano haikurudi mpaka leo, na kuna mmoja wetu ambaye bado salamu zake ni baridi. Naandika hii nikijua atasoma. Cuzo, bado siingii.

Naleta hicho kisa kwa sababu hapo ndipo ugumu uko. Kusoma namba nne ni kitu cha sekunde kumi. Kusimama mbele ya watu unaowapenda, wakiwa na furaha na nyama kwa friza, na kusema hapana, hiyo ndiyo kazi. Tumelelewa kuona kwamba kumuuliza mtu kuhusu gari yake ni kumtusi. Abiria wa matatu akisema "dere, hizo breki zinalia", anaambiwa ashuke anunue yake.

Tukifika kwa breki, wacha tubaki hapo kwa barabara ya Naivasha. Ukitoka juu ukishuka kwenda Mai Mahiu, pale kwa mteremko wenye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1942, gari inateremka kwa muda mrefu bila kupumzika. Msee asiyejua anakaa na mguu juu ya breki njia yote. Breki inafanya kazi kwa kusugua: pedi zinabana diski, mwendo unageuka joto. Joto likizidi, pedi zinaanza kuteleza badala ya kushika. Unasikia harufu ya kitu kinachoungua, unakanyaga na gari haisikii vizuri.

Lakini kuna joto lingine ambalo halizungumzwi, la mafuta ya breki. Haya ndiyo yanabeba nguvu ya mguu wako mpaka kwa magurudumu. Yana tabia moja mbaya: yananyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata ukiwa umeegesha. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishakunywa maji, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka mpaka nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Sasa kwa mteremko mrefu, mafuta ya miaka mitano, joto linapanda, yanachemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Unakanyaga, pedali inaenda mpaka chini, hakuna kitu.

Ndiyo maana kuna gari ambayo breki "zilikuwa sawa asubuhi" na jioni hazipo. Mafundi wengi wanashauri mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2. Uliza watu kumi wenye Vitz mara ya mwisho waliyabadilisha lini, wengi watakuuliza kwani hubadilishwa.

Ukiwa na gari ya otomatiki, ile gia ya L, B, S au 2 haikuwekwa kwa urembo. Kwa mteremko iweke hapo mapema, injini ikusaidie kushika gari, mguu upumzike. Sio fundi wa kukufundisha hii, ni kitabu kilicho kwa kabati ya mbele, ingawa najua chako kimeandikwa Kijapani.

Kukagua breki mwenyewe si ngumu. Kabla hujawasha, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, kile chombo cha kukuongezea nguvu kina shida. Kisha bana kwa nguvu uhesabu mpaka ishirini. Ikiendelea kuzama polepole kuelekea chini, kuna mahali panavuja, na hiyo gari haitoki hapo ila juu ya gari ya kuvuta. Chungulia katikati ya rimu uone pedi: zikibaki milimita 3, ni kubadilisha. Pedi nyingi zina kachuma kadogo kaliwekwa makusudi ili pedi zikiisha kaguse diski kapige kelele. Hiyo kelele ya kukwaruza unayoifunika kwa muziki ni gari inakuongelesha. Na ukiona chupa ya mafuta ya breki imeshuka, usiongeze tu ukafunga boneti ukaenda. Ama pedi zimeisha, ama yanavuja.

Kuna watu watasema natia chumvi. Julai 2022 basi lilitumbukia kwa daraja la Nithi, barabara ya Meru kuja Nairobi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Polisi walisema siku hiyo kwamba inaonekana breki zilifeli. Hilo ni basi, na angalau kisheria basi na matatu lazima zipelekwe ukaguzi wa NTSA kila mwaka. Gari ya nyumbani, kusema ukweli, hakuna anayeiinua kwa jeki isipokuwa wewe.

Injini nitaiongelea kwa haraka, kwa sababu injini ikikufia mara nyingi inakula mfuko wako, na kubaki hai unabaki. Lakini elfu themanini ya injini iliyochemka pia ni maumivu. Gari ikiwa baridi, mahali pa tambarare, vuta kile kijiti cha oili, pangusa, rudisha, vuta tena. Iwe katikati ya alama mbili. Weusi peke yake usikutishe, oili inayofanya kazi huwa nyeusi. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, hapo kuna maji yameingia kwa oili na unahitaji fundi leo. Maji ya rejeta nayo, tafadhali, si ya bomba. Kulanti inazuia kutu na inachelewa kuchemka. Maji ya bomba yanakula rejeta kutoka ndani, halafu siku moja uko kwa jam ya Mombasa Road, jua la saa saba, na moshi unatoka kwa boneti. Tena gari nyingi ndogo za siku hizi hazina mshale wa joto. Zina kataa ka buluu injini ikiwa baridi na kekundu ikichemka. Ukiona kekundu, egesha, zima, na usifungue kifuniko mpaka ipoe. Kuna watu wana makovu usoni kwa sababu ya haraka ya dakika kumi.

Wasee wa Subaru, nawapenda, lakini tuongee. Injini ya EJ ambayo mnaisifu sauti yake inatumia mkanda wa taimingi wa mpira, na hesabu yake ni karibu kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni na injini imeisha pale pale. Vitz, Fielder na Probox zenye injini ya NZ zinatumia cheni, kwa hivyo hizo ziko na afadhali hapo, mradi oili ibadilishwe. Sasa wewe umenunua Subaru ya mkono wa tatu, mita inasoma 78,000. Nani amekuambia ni 78,000? Mita za hapa zinarudishwa nyuma kama saa ya ukutani. Kama hakuna stika au karatasi inayoonyesha huo mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi. Ubadilishe kabla ya ekzosi.

Kuna sehemu moja ambayo karibu hakuna msee wa rika langu ameikagua, na ndiyo inanitia wasiwasi kuliko zote: eabegi. Kampuni ya Kijapani iliyoitwa Takata ilitengeneza mamilioni ya eabegi zilizowekwa kwa Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na nyingine nyingi. Baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikiharibika, siku ya ajali eabegi haifunguki kama mto. Inalipuka na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea. Magari yaliitwa yarudishwe dunia nzima, hesabu ikafika karibu eabegi milioni 100, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka wa 2017.

Sisi tunaletewa magari ya mitumba kutoka Japan, yenye hadi miaka 8 wakati yanapoingia, halafu tunayaendesha miaka mingine kumi au zaidi. Yale ya zamani yanayozunguka mitaani sasa hivi ni ya kizazi hicho hicho cha Takata. Na joto na unyevu, uliza mtu wa Mombasa. Kampuni nyingi za magari zina ukurasa wa kuangalia namba ya chasisi kama gari iliitwa na kama ilitengenezwa. Namba ya chasisi iko kwa logbook yako. Ni bure, ni dakika tano, na unaweza kufanya ukiwa umelala kitandani.

Hapo hapo kwa dashibodi, fanya hivi. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za tahadhari zinatakiwa ziwake: injini, breki, ABS, eabegi. Kisha washa, zizimike. Taa ya eabegi ikibaki inawaka, mfumo una shida na huenda usifunguke kabisa. Lakini ile isiyowaka hata kidogo ufunguo ukizungushwa ndiyo ya kuogopa. Kuna mtu aliitoa balbu au akaipiga selotepu kwa ndani ndiyo akuuzie gari.

Taa za breki huwezi kuziona ukiwa ndani, kwa hivyo mwambie mtu asimame nyuma, au rudi nyuma karibu na ukuta usiku uone mwanga. Waipa ni mpira, zinakauka na jua, na utazikumbuka tu mvua ikianza Limuru. Mikanda ya siti, vuta yote mitano kwa ghafla, ikwame. Ile ya nyuma katikati mara nyingi imefukiwa chini ya siti na imejaa makombo ya chipsi. Shoki na bushi, barabara zetu zenyewe zitakuambia zikiisha: gari inayumba kama mashua, usukani unavuta upande mmoja, tairi inaliwa upande wa ndani tu. Na fungua buti kabla ya safari. Magari mengi ya siku hizi kutoka Japan hayana tairi ya spea, yana kachupa ka gundi na mashine ndogo ya upepo, na hako kachupa kamepitwa na tarehe. Kama kuna spea nyembamba ya dharura, mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa na haikutengenezwa kukufikisha Kisumu.

Najua kuna mtu anasoma akisema, sawa, lakini doo iko wapi? Hali ni ngumu, mafuta yenyewe ni vita. Nimekusikia. Lakini rudi uhesabu niliyotaja. Kusoma tairi, kupima upepo, kukanyaga breki, kuvuta kijiti cha oili, kuangalia taa, kutafuta namba ya chasisi: hakuna hata moja yenye bei. Zenye bei ni tairi, pedi, mafuta ya breki na mkanda, na nyingi kati ya hizo kwa gari ndogo ni rahisi kuliko rimu. Ukinunua, usiende na bei ya chini kabisa Kirinyaga Road ukafurahi. Boksi lenye jina kubwa na maandishi yenye makosa ya herufi ni boksi la mtu aliye na printa. Kaa hapo fundi akifunga, na umwambie akuwekee spea za zamani kwa mfuko uende nazo. Fundi mzuri hatakasirika.

Na wewe wa kukodisha wikendi hii, kabla hujatuma M-Pesa yoyote, muulize mwenye gari akutumie picha tatu: namba za DOT za matairi yote manne, chupa ya mafuta ya breki, na dashibodi ufunguo ukiwa umezungushwa. Akisema unamsumbua, tafuta mwingine, wako wengi. Akikutumia, unajua uko na mtu anayejua gari yake.

Sasa shuka chini, kama kuna gari yoyote karibu nawe, hata ya jirani mkisalimiana, uchuchumae nyuma kushoto. Niandikie hizo namba nne ulizopata. Aliye na tairi ya zamani kuliko ile yangu ya 4413, nataka kuiona kwa picha.